Kabla ya Kutia Sahihi

Mwezi huu tuzungumze jambo ambalo wengi wetu huona aibu kulitamka: kuomba nyongeza ya malipo.

Tulikuwa wauguzi watatu wenye kibarua cha zamu za usiku katika zahanati moja ya binafsi. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, shilingi 20,000 kwa zamu ya saa 12. Mara mbili tuliletewa karatasi mpya yenye kiasi kile kile, tukatia sahihi na kushukuru. Tulijiambia kidogo si haba.

Mara ya tatu, mwezi mmoja kabla ya mkataba kwisha, tuliketi tukaandika hesabu. Pikipiki kwenda na kurudi, 4,000. Dada wa kulala na watoto, 5,000. Chakula, 1,000. Zilibaki 10,000, yaani shilingi 800 na ushee kwa saa. Mwenzetu mmoja alilia. Alikuwa akiwaacha watoto wake usiku nane kila mwezi kwa fedha hizo.

Tulifungua Mwanzo sura ya 30. Yakobo alipotaka kuondoka, Labani alimwomba abaki, ataje ujira wake. Yakobo hakuanza kwa kulalamika. Kwanza alimkumbusha jinsi mifugo ilivyoongezeka mikononi mwake, ndipo akataja haja ya nyumba yake mwenyewe.

Nasi tukaandika kazi zilizoongezeka. Mwanzoni tulihudumia wagonjwa tu. Sasa tulihesabu dawa na kufunga daftari la fedha pia. Kisha tukapanga viwango viwili: cha kutaja, 30,000, na cha mwisho, 26,000. Chini ya hapo tungeaga kwa amani.

Kwa mwenye zahanati hatukutaja ada wala unga. Yeye hana wajibu wa kulisha watoto wetu. Ana wajibu wa kulipa kazi. Tulimwonyesha karatasi, tukataja kiasi, tukanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikuwa kugumu, maana mwanamke hulelewa kujaza ukimya kwa kujishusha. Alisema 24,000. Tukamwomba basi atuondolee daftari la fedha. Akafikiri, akakubali 26,000 na daftari likabaki kwetu. Tuliomba yote yaandikwe, pamoja na tarehe ya malipo, ndipo tukatia sahihi.

Lakini tulioingia ofisini tulikuwa wawili. Yule aliyelia alikuwa ametia sahihi peke yake siku mbili kabla, akiogopa kukosa vyote. Alifanya kazi mwaka mzima kwa 20,000, kazi ile ile, usiku ule ule. Tusimcheke. Aliyehitaji zaidi ndiye aliyeogopa zaidi kusema, na ndivyo ilivyo kwa wengi wetu.

Kwa hiyo, mama, awe mshonaji wa sare, mpishi wa sherehe au mwalimu wa masomo ya jioni, asingoje siku ya karatasi. Aanze hesabu mwezi mmoja kabla. Azungumze na mumewe wakubaliane kiwango cha mwisho. Aweke akiba kidogo, ili uhitaji usimfunge mdomo. Na akiwa na wenzake, washikane mikono mpaka mlangoni. Sisi wawili tungalimsubiri na kumtia moyo mwenzetu. Hilo bado linatuuma.