PICHA YA IFAKARA NA BUNDUKI INAYOIKANUSHA



Imetufikia picha kuukuu iliyokwisha pita mikono mingi, na chini yake pameandikwa: Askari wa Mdachi, Ifakara, 1905. Tumeitazama kwa makini, na twasema wazi kuwa maandishi hayo ni ya uongo. Shahidi wetu ni bunduki aliyoishika mtu huyo.

Ubavuni mwake hapana ule mkono wa chuma ambao mpigaji huuinua na kuuvuta kila amalizapo risasi. Juu ya mtutu limelala bomba jembamba; humo hupita moshi wa baruti ukausukuma mtambo nyuma, na risasi ya pili ikajipakia yenyewe. Mbele ya kilimi pana kisanduku cha risasi kumi. Chini ya mtutu imekunjwa singe ya mwiba wa pande tatu. Hiyo ni bunduki ya Simonov, Mrusi, iliyobuniwa 1945. Wachina walianza kuitengeneza 1956, na singe ya namna hiyo ni alama ya zile zao za tangu miaka ya 1960. Polisi na mgambo wa Bara huiita SAR.

Askari wa Mdachi wa 1905 alibeba Mauser ya 1871, yenye kupakiwa risasi moja moja na kutoa moshi mzito. Hata bunduki ya kujipakia ya Jenerali Manuel Mondragón haikupokewa na jeshi la Mexico ila 1908.

Basi mtu huyo ni nani? Yaelekea ni mgambo wa zama za Mwongozo wa TANU wa 1971, siku ambazo Wachina walikuwa wakipitisha reli ya TAZARA katika bonde la Kilombero. Pengine yu hai, na wajukuu wanaambiwa babu yao alimtumikia Mdachi! Na Wambunga na Wapogoro walioivamia boma ya Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wakapokewa kwa bombomu, wametiwa adui wa kubuni katika habari yao ya kweli.

Atakayeuliza Ifakara yatuhusu nini sisi wa Visiwani, na atazame kuta zetu. Bunduki za usiku wa Januari 12, 1964 zilitekwa kwa polisi, Ziwani na Mtoni; silaha za Urusi na China zilikuja baadaye mwaka ule ule. Lakini mara ngapi tumeonyeshwa SAR tukaambiwa ndiyo ya usiku ule? Chuoni tulifunzwa kuuliza isnadi kabla ya kuikubali habari, na dukani hatununui kopo kwa kibandiko chake.

Twawataka waandishi hao waseme picha hizo zilipigwa na nani, wapi, mwaka gani, na zimewafikia kwa mkono wa nani. Wasipoweza, wayafute maandishi yao, na waanze na hii ya Ifakara.