Mesaji iliyotumwa bado haijafika

Kuko mazoea mabaya hapa Bihambwe na kwenye machimbo ya kando ya Rubaya. Mvua inanyesha usiku kucha, mlima unalowa, mkubwa wa shimo anatuma mesaji: «Leo msishuke.» Basi anajiona amemaliza kazi. Mtu akiumia, anaonyesha simu yake: «Mimi niliwaambia.»

Ndugu wachimbaji, tuelewane namna mesaji inavyosafiri. SMS haitoke kwenye simu yake na kuingia moja kwa moja kwenye simu yako. Inapita kwanza kwenye mashine ya kampuni ya simu. Kama simu yako imezimika juu batri imeisha, ama uko ndani ya shimo pahali rezo haifike, ile mashine inaiweka na kujaribu tena. Lakini haingoje milele. Muda uliopangwa ukiisha, mesaji inafutwa, na wewe hautajua hata siku moja kama ilikuwako. WhatsApp nayo inaweka mesaji siku 30 tu. Alama moja, imetoka kwa mwenye kutuma. Alama mbili, imeingia kwenye simu yako. Kama umeisoma, hiyo ni habari ingine.

Tena, mesaji yenye kuchelewa inaweza kuua. «Shukeni, shimo limekauka» ya juzi ikiingia leo, kisha mvua ya usiku, nani atajua ni ya juzi?

Mwezi wa 1, 2026, udongo ulianguka kwenye machimbo ya Rubaya, watu wengi wakafa. Sisemi ni juu ya mesaji. Nasema mlima haungoje rezo.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Moja: kila mesaji ya hatari iandikwe siku na saa. Mbili: kabla timu haijashuka, mkubwa wa shimo asimame mwenyewe mlangoni na firimbi, aite majina, asiyejibu atafutwe. Tatu: makampuni ya simu yalete antena karibu, na mesaji za hatari zisifutwe mapema. Koltani ya huku inaingia kwenye simu za dunia nzima. Ni haya rezo ikosekane kwenye mlima inakotoka.

Na ninyi mama zetu, mukiona alama moja tu, musilale mukisema ameshajua. Mutume jirani mwenye kupanda mlima.