Wito kwa Vijana wa Majengo: Lijaribu Kabla Hujalituma

Ukitaka kujua kama programu inawafaa watu wa Dodoma, iandikie jina moja tu: Ng'hong'honha. Ni kata ya jiji letu, na jina lake lina ritifaa mbili. Ritifaa ndiyo alama ambayo lugha nyingi za programu na za hifadhidata huitumia kufungua na kufunga maneno. Mwandishi wa programu asipokuwa makini, kompyuta ikishasoma "Ng" hudhani jina limekwisha. Kinachofuata inakichukulia kama amri isiyoeleweka, na taarifa haiingii. Aliyeko Oslo au Boston, akijaribu kwa majina ya kwao, hatakutana na kasoro hiyo. Atakayekutana nayo ni muuguzi wa zahanati, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni.

Naandika haya kwa vijana wa Majengo na Dodoma nzima mnaoandika programu: mlioko chuoni kule Chimwaga, mnaojifundisha wenyewe kwa simu, na mliohitimu mkawa mnashika kazi moja huku mkitafuta nyingine. Baadhi yenu mmeanza kuchangia kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Nawapongeza kwa moyo wote, na nina ombi. Badiliko lako lijaribu kabla hujalituma, na ukilituma, litume pamoja na jaribio lake.

Tuchukue programu inayotugusa sote. Zahanati zetu hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na kila mwezi hesabu zake hujumlishwa na kuingizwa kwenye DHIS2. Hii ni programu huria inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ingawa mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya utawala wa kibaguzi kuondoka. Tanzania ilikuwa imeisambaza nchi nzima kufikia 2013, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mkono mkubwa katika kazi hiyo. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Kijana wa Majengo anaweza kuufungua msimbo wake usiku huu, akaurekebisha, na rekebisho lake likipokelewa likafika kote huko. Kosa lake nalo litasafiri njia hiyo hiyo.

Taarifa ya wagonjwa wa nje huwapanga watu kwa umri: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, kisha 60 na kuendelea. Tuseme umeandika msimbo wa kumweka mgonjwa kwenye kundi lake. Ukajaribu kwa mtoto wa miaka 3, akaangukia mahali pake, ukafurahi. Bado hujajaribu kitu. Mjaribu anayetimiza miaka 5 leo hii, aliyetimiza jana, na atakayetimiza kesho. Mjaribu aliyezaliwa tarehe 29 Februari 2020: mwaka 2025 haukuwa na tarehe hiyo, sasa programu yako inahesabu kwamba alitimiza miaka 5 tarehe 28 Februari au 1 Machi? Mjaribu bibi asiyeijua tarehe yake ya kuzaliwa, anayekumbuka tu kwamba ulikuwa mwaka wa njaa. Ingiza tarehe ambayo haijafika, kama anavyoweza kuiingiza mtu aliyechoka.

Halafu kuna saa. Saa za Tanzania zinatangulia saa za Greenwich kwa saa 3. Tarehe ikihifadhiwa kama usiku wa manane wa Dodoma, kisha seva ikaisoma kwa saa za Greenwich, inageuka kuwa saa 3 usiku ya jana yake. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Julai anaonekana amezaliwa 30 Juni, na hesabu za miezi miwili zinapotoka kwa mpigo mmoja. Hifadhidata ya mfano ya DHIS2, ambayo wageni wengi huanzia kujaribia, imepewa jina na ramani ya Sierra Leone, nchi inayofuata saa zile zile za Greenwich. Mtu anayepima kwa saa za huko anaweza kumaliza kazi yake yote bila kuiona kasoro ya aina hii. Wewe kompyuta yako iko kwenye saa za Dodoma, na majina ya Kigogo unayo kichwani. Jaribio lako lina thamani ambayo mtu wa mbali hawezi kuileta, hata akiwa bingwa kukuzidi.

Pale soko la Majengo mnunuzi wa nafaka haridhiki na mtama anaouona mdomoni mwa gunia. Huchomeka bambo ubavuni, akavuta punje za katikati na za chini, akazimwaga kiganjani na kuzitazama kama zimetobolewa na wadudu. Muuzaji mwaminifu hachukii. Msimbo wako uchomeke hivyo hivyo, tena pale unapopahofia.

Wako watakaosema badiliko lao ni dogo mno kusumbuana nalo. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012, badiliko la mchangiaji mmoja Mjerumani lilipokelewa kwenye OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Alikuwa mtu mwenye nia njema, na mkaguzi aliyelipitia hakuona kasoro. Kumbe ulikosekana ukaguzi mmoja tu: kuhakiki kwamba urefu wa ujumbe uliotajwa hauzidi urefu wa ujumbe uliofika. Mtu akituma neno fupi na kudai ni refu, seva ilimrudishia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, nywila za watu zikiwa humo. Dunia ilikuja kujua Aprili 2014, miaka miwili na ushee baadaye, na kasoro hiyo ikaitwa Heartbleed. Jaribio moja la kudanganya urefu lingeinasa siku ile ile.

Wafikirieni pia wanaopokea kazi zenu. Wengi wanaotunza programu huria hujitolea, baada ya ajira zao na wakati watoto wamelala. Oktoba 2020 kampeni ya Hacktoberfest iliahidi fulana kwa atakayetuma maombi manne ya mabadiliko, na miradi ikafurikwa na marekebisho yasiyo na maana, mpaka waandaaji wakabadili kanuni mapema mwezi huo huo, miradi ishirikishwe kwa ridhaa yake tu. Sasa akili mnemba inaweza kukuandikia msimbo mrefu kwa dakika moja. Ukiutuma bila kuujaribu, umemtwisha mtu mwingine kazi uliyopaswa kuifanya wewe.

Kazi yenyewe haihitaji mashine ya bei mbaya. Pakua msimbo mpya, uendeshe majaribio yaliyomo kabla hujagusa chochote, ili ujue lipi lilikuwa bovu kabla yako. Andika jaribio linaloionyesha kasoro na ulione likishindwa. Usipoliona likishindwa, hujui linapima nini. Ndipo urekebishe, uendeshe majaribio yote upya. Najua bando ni ghali. Maktaba ambazo msimbo unazitegemea ukishazipakua mara moja, tuseme chuoni, majaribio unaweza kuyaendesha nyumbani bila intaneti. Kisha fungua programu kwenye simu ya bei nafuu, ile yenye kioo kilichopasuka, na uzime data katikati ya kutuma fomu. Katika ombi lako eleza umejaribu nini, kwa toleo gani, na kipi hukuweza kukijaribu. Wasimamizi wa miradi humheshimu sana anayeyasema hayo wazi.

Hata anayetafsiri hajasalimika. Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Watanzania wamekuwa wakitafsiri programu huria. Sentensi ikipoteza alama inayoshikilia nafasi ya jina au namba, ujumbe huharibika. Neno refu nalo hukatwa kwenye kitufe. Fungua ukurasa, usome kwa macho yako.

Jambo moja silifanyii mzaha: usijaribie taarifa za wagonjwa wa kweli, hata kama rafiki yako wa zahanati yuko tayari kukupa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatulinda sote, na heshima ya mgonjwa ilikuwepo kabla ya sheria. Tunga majina na tarehe zako.

Walimu wa kompyuta, wapeni wanafunzi alama kwa majaribio waliyoandika kama mnavyowapa kwa programu. Wenye ofisi zenye umeme na intaneti ya uhakika hapa mjini, wafungulieni vijana jioni moja kwa wiki. Nanyi vijana, tafutaneni wawili watatu, kila mmoja aharibu kazi ya mwenzake kabla haijatoka Dodoma. Anayeona hajawa tayari kubadilisha msimbo wa wengine aanze kwa kutuma jaribio peke yake, bila rekebisho lolote. Miradi mingi hulipokea kwa shukrani. Chagueni programu moja mnayoitumia, na mwezi huu huu mtume la kwanza.