Si kila tumbo kujaa ni vidonda

Mtu anakula ugali mchana, usiku anautapika karibu vilevile. Matonge matatu tu ameshiba, tumbo limejaa gesi. Kuanzia Kahama hadi Katoro jibu ni moja: vidonda vya tumbo, na dawa hununuliwa dukani.

Huenda tatizo liko kwenye neva. Tumbo husukuma chakula kwa msaada wa neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Kisukari cha miaka mingi huiharibu, upasuaji huweza kuijeruhi, na vidonge vikali vya maumivu kama tramado hupunguza mwendo wa tumbo. Zebaki ya wachimbaji nayo ni sumu ya neva, lakini hapa mshukiwa wa kwanza ni kisukari.

Wa kuangaliwa zaidi ni anayechoma insulini. Dawa inafanya kazi huku chakula kimekwama tumboni: sukari inashuka, anatetemeka, anaweza kuzimia. Nyumbani wanashangaa, mbona amekula? Asiache sindano, amweleze daktari, huenda muda wa kuchoma ukabadilishwa. Kipimo cha kamera, kama kile cha Bugando jijini Mwanza, kitaonyesha kama njia imeziba. Kwa sasa ale kidogokidogo, uji laini kuliko michembe, na asilale mara tu baada ya kula.