Mwalimu wa Michezo Aliyekataa Kupumzika



Mtu akifika miaka 70, watu humwambia sasa apumzike. Mwezi huu tunaeleza habari za mwalimu wa michezo aliyeambiwa hivyo akakataa. Jina lake ni Amos Alonzo Stagg. Alizaliwa Marekani mwaka 1862, katika mji wa West Orange, jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa fundi viatu, na nyumba yao ilikuwa ya kimaskini.

Stagg alisoma kwa taabu mpaka akafika Chuo Kikuu cha Yale. Huko alikuwa mrushaji hodari katika besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Timu za kulipwa zilimtaka. Alikataa fedha zao, kwa sababu alitaka kuwa mchungaji wa kanisa. Lakini alijiona hana kipawa cha kuhubiri. Basi akaamua kuwalea vijana uwanjani.

Mwaka 1890 alikwenda katika chuo cha Springfield. Mwenzake hapo alikuwa James Naismith, yule aliyebuni mpira wa kikapu mwezi Desemba 1891. Vikapu vyenyewe vilikuwa vya kuwekea matunda, navyo vilipigiliwa kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi! Mwezi Machi 1892 walimu walicheza na wanafunzi mbele ya watazamaji. Walimu walifungwa 5 kwa 1. Bao hilo moja la walimu lilifungwa na Stagg.

Mwaka huo huo Chuo Kikuu kipya cha Chicago kilifunguliwa. Mkuu wake, William Rainey Harper, alimwita Stagg aje kuanzisha michezo. Hapa ndipo penye jambo kubwa. Wakati ule vyuo vingi havikuwa na mwalimu wa michezo wa kudumu. Mchezaji wa zamani aliitwa kwa msimu mmoja, akalipwa, akaenda zake. Timu ikishindwa, hakuitwa tena. Stagg alipewa cheo cha ualimu wa chuo, sawa na mwalimu wa hesabu au historia. Hakuweza kufukuzwa kwa sababu ya kufungwa mechi moja.

Alianza na vijana wachache mno. Siku nyingine alivaa nguo za mchezo akaingia uwanjani mwenyewe kujaza timu. Alifundisha futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira wake umechongoka kama yai na hushikwa kwa mikono. Alifundisha pia besiboli na riadha. Mwaka 1896 wanafunzi wa Chicago walicheza mpira wa kikapu na wa Iowa, wachezaji 5 kila upande, kama tunavyocheza leo. Chicago walishinda 15 kwa 12.

Alikuwa mtu wa kubuni vifaa. Tangu alipokuwa Yale, inasemekana aliviringisha godoro akalining'iniza, ili wachezaji wajifunze kumkamata mpinzani bila kuumizana. Godoro! Shule isiyo na fedha nayo yaweza kufanya hivyo.

Lakini tuseme kweli yote. Harper aliipenda michezo pia kwa sababu ilikitangaza chuo chake. Timu iliposhinda, watu walijaa uwanjani, na viingilio vikaleta fedha. Kwa maoni yetu hapo palikuwa na hatari. Mwanafunzi aweza kupendwa kwa miguu yake, na masomo yake yakasahauliwa. Mwaka 1939 mkuu mwingine wa chuo hicho, Robert Hutchins, aliifuta timu ya futiboli kabisa, maana aliona haina kazi katika mahali pa elimu. Mwaka 1942 wataalamu walitumia chumba kilichokuwa chini ya majukwaa ya uwanja ule kufanya jaribio la kwanza la kuiwasha na kuiongoza nguvu ya atomiki. Uwanja huo uliitwa kwa jina la Stagg.

Wakati huo yeye hakuwapo tena. Mwaka 1932, baada ya misimu 41, chuo kilimwambia umri wake wa kustaafu umefika. Alipewa nafasi ya kazi nyingine hapo hapo. Hakuitaka. Alikwenda mbali, mji wa Stockton, California, akafundisha katika chuo kidogo kwa miaka 14. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, alichaguliwa kuwa mwalimu bora wa futiboli wa mwaka nchini Marekani. Wapo vijana waliofungwa na timu yake ambao babu zao walikuwa wadogo kwake.

Baada ya hapo alimsaidia mwanawe, aliyekuwa mwalimu wa michezo huko Pennsylvania. Kisha akarudi Stockton, akawafundisha vijana namna ya kupiga mpira kwa mguu. Kazi hiyo aliiacha mwaka 1960, akiwa na miaka 98. Alifariki dunia mwaka 1965 huko huko Stockton, akiwa na umri wa miaka 102.