Mizani Ikivunjwa, Nani Hupunjwa?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo waliutoa kwa ajili ya wafanya biashara, lakini siku hizi twauona ukitimia katika nchi yenye utajiri mkubwa kupita zote duniani, tena katika jambo lisilopimwa kwa fedha peke yake, yaani elimu ya watoto.

Mnamo Februari 2025 Serikali ya Marekani ilivunja kwa mkupuo mikataba 89 ya chombo chake cha kuipima elimu. Thamani ya mikataba hiyo ilitangazwa kuwa dola milioni 881. Kazi hiyo iliongozwa na idara mpya ya kubana matumizi, ambayo sura yake mbele ya watu ilikuwa tajiri Elon Musk. Siku chache baadaye ikavunjwa mikataba ya wataalamu waliokuwa wakizisaidia shule mikoani. Machi ikatangazwa kwamba wafanyakazi wa Wizara ya Elimu watapunguzwa kwa karibu nusu. Wengine walikwenda mahakamani kupinga, lakini tarehe 14 Julai, 2025, Mahakama ya Juu iliruhusu upunguzaji huo uendelee wakati kesi ingali ikisikilizwa.

Yafaa kwanza kukieleza chombo chenyewe. Ni Taasisi ya Sayansi ya Elimu, iliyoundwa kwa sheria aliyoitia sahihi Rais George W. Bush mwezi wa Novemba 2002. Ndani yake kimo kituo chenye kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuipima mipango inayolipiwa na Serikali: je, fedha zilipotolewa, mtoto alijifunza zaidi au hakujifunza? Kazi ya pili ni kuzisaidia shule, nayo hadi Februari 2025 ilifanywa kwa njia ya maabara kumi za elimu, kila moja na kanda yake. Maabara hizo, ambazo asili yake ni sheria ya elimu ya mwaka 1965, hazikuwa nyumba za chupa na dawa. Zilikuwa vikundi vya wataalamu waliokaa na walimu na viongozi wa elimu wa majimbo, wakalitazama tatizo pamoja na kulitafutia njia.

Namna ya kupima si jambo la ajabu kwa mtu aliyeshika jembe. Mkulima akitaka kuijua mbolea mpya huitia katika matuta haya akayaacha yale, kisha hungoja mavuno. Kituo hicho nacho, kila kilipoweza, kilifanya vivyo hivyo: shule au watoto hawa huchaguliwa kwa kura kuingia katika mpango, na wale hubaki nje, kisha matokeo hulinganishwa. Mwenye mpango hana nafasi ya kujisifu bure.

Na ubora wa mizani hii ulikuwa katika jambo moja kubwa: haikumwogopa mtu. Rais Bush aliyetia sahihi sheria ya kuiunda ndiye aliyekuwa na mpango mkubwa wa kufundisha kusoma, uliogharimu kiasi cha dola bilioni moja kwa mwaka. Mwaka 2008 kituo kikatoa taarifa kwamba watoto walikuwa wakifundishwa kusoma kwa saa nyingi zaidi, lakini kuelewa wanachokisoma hakukuongezeka. Serikali ya Rais Obama ikaja na mpango wa kuziinua shule zilizo nyuma kabisa, uliokula kiasi cha dola bilioni 7. Januari 2017, Obama akiwa bado hajaondoka Ikulu, kituo kikasema kwamba fedha hizo hazikuleta tofauti ya kuonekana katika alama za hesabu wala za kusoma. Kadhalika mpango wa hati za kuwalipia watoto wa Washington katika shule za watu binafsi: mwaka 2010 kituo kilisema kwamba waliopewa nafasi hiyo walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, mwaka 2017, kwa kundi jingine, kikasema kwamba baada ya mwaka mmoja walikuwa nyuma katika hesabu. Yaliyo mema yalisemwa, na yaliyo mabaya yalisemwa.

Upande wa msaada, tulitazame jimbo la Mississippi, ambalo ni miongoni mwa majimbo maskini kabisa ya nchi ile. Mwaka 2013 watoto wake wa darasa la nne walikuwa karibu na mkia katika kusoma. Mwaka huo jimbo likatunga sheria ya kusoma na kuwafundisha upya walimu wake. Maabara ya kanda ya kusini-mashariki ndiyo iliyoyafuatilia mafunzo hayo hadi madarasani, ikaonyesha kwamba walimu walikuwa wakibadilika. Ilipofika mwaka 2019, watoto hao walikuwa wameufikia wastani wa taifa. Hatusemi kwamba ushindi ni wa maabara. Ushindi ni wa walimu na watoto. Lakini hata habari ya ushindi huo twaijua kwa sababu upo mtihani wa taifa unaowapima watoto wa majimbo yote kwa kipimo kimoja, na mtihani huo nao huendeshwa na Taasisi hiyo hiyo.

Sasa ni nani aliyepunjwa mizani ilipovunjwa? Si tajiri, kwa maana mtoto wa tajiri anaye mwalimu wa nyumbani, na shule yake ikishindwa huhamishiwa nyingine. Aliyepunjwa ni mtoto wa mfanyakazi. Miongoni mwa kazi zilizokatwa Februari ulikuwamo mpango wa kuwasaidia vijana wenye ulemavu, zaidi ya 1,000, wajiandae kwa kazi au masomo ya juu baada ya sekondari. Msaada wao ulikatika katikati ya mwaka wa masomo. Aidha, tathmini nyingine zilikatwa wakati takwimu zimekwisha kukusanywa na fedha zimekwisha kulipwa. Shamba limelimwa, limepaliliwa, na siku ya kuvuna mwenye shamba akageuka njia. Je, huko ndiko kubana matumizi?

Hapana shaka chombo hicho kilikuwa na kasoro zake. Taarifa zake zilichelewa, pengine kwa miaka, hata zikatoka wakati mpango umekwisha pita. Nyingi ziliandikwa kwa lugha ambayo mwalimu wa darasani hawezi kuitumia. Sehemu kubwa ya kazi ilipewa makampuni makubwa kwa mikataba minono. Waliolalamika juu ya mambo hayo hawakuwa maadui wa elimu, na malalamiko yao yalistahili kujibiwa. Lakini mizani ikichelewa kutulia hutengenezwa, haitupwi mtoni.

Wananchi wa Kanda ya Ziwa wanaifahamu habari hii kuliko wataalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba waliona kwamba mnunuzi ndiye mwenye mizani, na kwamba kila siku ya mauzo uzito wa pamba yao unapungua njiani. Hawakuitaka mizani iondolewe. Walichokitaka ni mpimaji wao wenyewe, asiyekula kwa mnunuzi, asimame penye mizani na kusoma uzito kwa sauti. Katika madai hayo chama cha wakulima kilichoongozwa na Paul Bomani kilipata nguvu, na vyama vya ushirika vikakua.

Mpimaji asiyekula kwa mnunuzi ndiye anayehitajika katika elimu, iwe Washington au penginepo. Serikali yenye mpango mzuri haina sababu ya kumwogopa, na yenye mpango mbaya ndiyo inayomhitaji zaidi. Atakayeamua kwamba shule hazina haja ya kupimwa na awaambie wazazi wazi: watoto wao wataendelea kufundishwa, fedha zao zitaendelea kutumika, na siku wakiuliza faida iko wapi, hakutakuwa na mtu mwenye daftari wa kuwajibu.