Huruma Yataka Zamu

Mji wa Tunduma ni mlango wa nchi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo kwenda Zambia na Kongo. Reli ya TAZARA hupita hapo. Na tangu Oktoba 2019 Tanzania na Zambia zimeunganisha ukaguzi wa Tunduma na Nakonde katika utaratibu wa kituo kimoja cha mpaka. Mchana na usiku malori husubiri zamu yao. Katika mlango wowote mkubwa namna hiyo hupita mali halali, na wajanja hujaribu kupitisha mali ya wizi. Miongoni mwa mali ya wizi katika mipaka ya Afrika iko aina moja isiyofanana na nyingine, maana yapumua: kakakuona ndani ya gunia, kobe ndani ya sanduku, kasuku ndani ya kikapu kilichofunikwa nguo.

Mwizi akikamatwa, sheria yajua la kumfanya. Na mali yake, ikiwa ni pembe au ngozi, yaweza kukaa ghalani mpaka siku ya kesi bila kudai kitu. Lakini kakakuona hawezi kukaa ghalani. Ametoka safarini na kiu na majeraha, na kila siku anayongoja bila chakula chake humsogeza karibu na kifo. Hilo ndilo jambo tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji wetu leo. Mnyama akiisha kuokolewa mikononi mwa mwizi, nani amtunze, kwa saa zipi, na kwa fedha ya nani?

Sisi twasema kwamba mkoa wa mpakani kama Songwe wafaa kuwa na kituo kidogo cha kuwapokea wanyama hao, kuwatibu na kuwarudisha porini. Kituo kilicho chini ya mamlaka ya serikali na kinachosaidiwa na wananchi kwa kujitolea. Lakini twasema pia kwamba kituo hicho kisijengwe juu ya huruma peke yake. Huruma huja ghafula na huondoka ghafula. Jumatatu watu mia watakuja kumtazama mnyama na kumsikitikia. Jumatano watakuwa kumi. Jumapili, mvua ikinyesha, atakuwako mmoja tu, naye ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la zamu.

Mtazameni kakakuona mwenyewe. Mwaka 1961 wachache sana waliwaza kwamba mnyama huyu mpole angetafutwa kwa magendo mpaka ng'ambo ya bahari. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, kakakuona wa aina zote waliwekwa katika orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imekatazwa kabisa. Magamba yake, ambayo watu hudanganywa kuwa ni dawa, yamefanywa kwa kitu kilekile kilichofanya kucha na nywele zetu. Akiogopa hujikunja kama mpira, hata simba hushindwa kumfungua. Lakini mwanadamu humwokota tu na kumtia mfukoni kama boga. Silaha iliyomlinda tangu zamani ndiyo inayomrahisishia mwizi kazi.

Na akiisha kuokolewa, hawezi kulishwa uji wala ugali. Chakula chake ni siafu, sisimizi na mchwa, naye hupenda kuwatafuta mwenyewe ardhini kwa pua na makucha. Kwa hiyo anayemtunza hana budi kumpeleka porini kila siku, kumfuata nyuma kwa saa kadhaa akila, na kumrudisha salama. Zimbabwe iko taasisi iitwayo Tikki Hywood Foundation, iliyoanza mwaka 1994, ambayo imeifanya kazi hii kwa utaratibu wa mlezi mmoja kwa kakakuona mmoja. Mlezi huyo hafanyi mchezo. Hutembea juani na katika umande, naye hajui kama mnyama wake atashiba kwa saa mbili au kwa saa tano. Nani kati yetu atakubali kuifanya kazi hiyo kila siku kwa miezi mitatu, bila mshahara, huku watoto wake wakingoja chakula nyumbani?

Hapa ndipo tunapotaka kusema waziwazi kwa wafanya kazi. Kujitolea ni jambo jema, na taifa hili limejenga shule na visima kwa kujitolea. Lakini kujitolea si kutumikishwa bure. Mtu anayefika kila siku alfajiri, anayebeba dhamana ya uhai wa mnyama na hatari ya kuumwa naye, huyo ni mfanya kazi, na mfanya kazi hulipwa. Kituo kinachotaka kudumu hakina budi kuwa na watu wachache walioajiriwa, wenye mshahara unaojulikana, ndio nguzo. Na wa kujitolea wawe kama fito. Nyumba ya fito bila nguzo haisimami, hata fito zikiwa elfu.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha jambo hili. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi wako ndovu yatima wanaolelewa na shirika lililoanzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick. Ilimchukua bibi huyo miaka mingi kupata mchanganyiko wa maziwa unaomfaa mtoto wa ndovu, kwa maana maziwa ya ng'ombe humdhuru. Watoto hao hunyweshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na mlezi hulala katika banda moja na mtoto. Tena walezi hubadilishana, ili mtoto asimpende mtu mmoja tu akazimia moyo siku mtu huyo asipokuwapo. Baadaye hupelekwa Tsavo, na huko, kwa muda wa miaka, hujiunga polepole na ndovu wa porini. Hao walezi ni waajiriwa, wenye zamu na wenye ujuzi.

Wako pia vijana wa Ulaya na Marekani wanaolipa nauli, na mara nyingi ada juu yake, ili waje kufanya kazi katika vituo vya wanyama vya Afrika. Hatuwakatai. Daktari wa wanyama anayekuja kufundisha vijana wetu kufunga mfupa uliovunjika ni mgeni wa baraka. Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi twaongeza kwamba jembe hilo lisiwe la kubembelezea watoto wa nyani kwa kupigwa picha. Mtoto wa tumbili anayebebwa na watu kumi katika mwezi mmoja hujifunza kwamba wanadamu wote ni rafiki zake. Akirudishwa porini atashuka katika shamba la kwanza analoliona, na mwenye shamba atampiga rungu. Tena mafua na kifua kikuu vyaweza kutoka kwa mtu kwenda kwa nyani, na kichaa cha mbwa chaweza kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu. Kituo chenye akili huwapa wageni kazi ya kukata majani, kujenga uzio, kusafisha vyombo na kuandika kumbukumbu. Asiyependa kazi hizo hakuja kwa ajili ya wanyama.

Kipimo cha kituo ni nini basi? Wengi hupima kwa idadi ya wanyama waliomo. Sisi twaona kipimo hicho ni kibaya. Hospitali haisifiwi kwa kuwa wagonjwa hawatoki. Kituo kipimwe kwa wanaotoka wakiwa wazima na kuishi.

Wala si wote wanaoweza kutoka, na hilo ni lazima lijulikane kabla ya msingi kuchimbwa. Malori yapitayo Tunduma kwenda Kasumbalesa hupita Chingola, katika Mkoa wa Shaba wa Zambia. Katika wilaya hiyo kipo kituo cha sokwe kiitwacho Chimfunshi. Kilianza mwaka 1983 katika shamba la ng'ombe la David na Sheila Siddle, walipoletewa mtoto mmoja wa sokwe aliyejeruhiwa, aliyenyang'anywa wafanya magendo. Hawakukusudia kuanzisha kituo. Walipokea mgonjwa mmoja tu. Leo sokwe wa hapo wamepita mia. Zambia haina sokwe wa porini, kwa hiyo hawana mahali pa kurudi, na sokwe aliyetunzwa vema huweza kuishi miaka 50. Anayempokea mtoto mmoja wa sokwe leo anaandika ahadi itakayolipwa na wanawe. Hatusemi haya kuwalaumu waliopokea; twawaheshimu. Twasema ili Songwe ijue tangu mwanzo kwamba kituo kidogo cha mpakani ni mahali pa kupitia, na kwamba wale wasioweza kurudi porini wapelekwe mahali palipoandaliwa kwa maisha yao yote.

Lakini asikate mtu tamaa. Nchi yetu wenyewe ina habari ya chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika maporomoko ya Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, na ambaye hakuonekana mahali pengine popote duniani. Maji yalipogeuzwa kwenda kuzalisha umeme, unyevu aliouhitaji ukapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani, na huko nako wengi walikufa kabla watunzaji hawajaijua kazi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayuko tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirejea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kizazi chao kikaanza kurudishwa Kihansi. Miaka 12 watu walimlisha chura, siku baada ya siku, bila kujua kama siku ya kurudi itafika. Umeme tunao, na chura amepanda ndege kurudi kwao.

Twajua wako watakaotuuliza: zahanati hazina dawa za kutosha, watoto wakaa chini darasani, nanyi mwataka nyumba ya kakakuona? Swali hilo ni la haki, na asilidharau mtu. Jibu letu ni kwamba kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 wanyama hawa ni mali ya umma, chini ya Rais kwa niaba yetu. Mali ya umma iliyoibwa ikipatikana, haiachwi ikaoza mlangoni mwa kituo cha polisi. Tena hatuombi jumba. Twasema uzio mzuri, kivuli, maji safi, chumba cha kutenga wagonjwa, walezi wawili watatu wenye mshahara, na daktari wa mifugo atakayeitika akiitwa. Na kila inapowezekana picha na cheti cha daktari vitumike mahakamani, ili mnyama asingoje hukumu pamoja na mshitakiwa.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo latoka kwa ndugu zetu wa kando ya Ziwa Rukwa na Mto Momba. Mamba huwanyemelea wachota maji, kiboko huingia mashambani usiku, na fedha ya kifuta jasho, kama jina lake lisemavyo, hufuta jasho tu. Hairudishi gunia la mahindi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa ampende mnyama huku yeye mwenyewe hapendwi. Kwa hiyo kituo kitakachotumikia wanyama peke yao kitachukiwa, na kitastahili kuchukiwa. Watu wake wawe ndio wa kwanza kuitwa nyani wakiingia shambani. Wasimwachie mnyama hata mmoja karibu na mashamba. Na matokeo ya kazi yao yasomwe katika mikutano ya vijiji.

Na sisi wananchi tunayo yetu ya kufanya kabla hata jiwe moja halijawekwa. Ukimwona mtoto wa pongo amelala peke yake kichakani, usimchukue. Mama yake amemficha hapo na kwenda kula. Ukimbeba nyumbani kwa huruma umemfanya yatima wewe mwenyewe. Kakakuona akionekana kijijini, sehemu nyingi za nchi yetu wazee humwekea maji, nafaka na silaha, wakatazama atakachokigusa ili wajue mwaka utakuwaje. Mila hiyo imemlinda kuliko bunduki nyingi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumla mjumbe. Basi mjumbe akiisha kuleta habari yake, asishikwe siku tatu akipitishwa mkono kwa mkono. Aitwe ofisa wanyamapori, na usiku huohuo aachwe aende.

Dereva aliyeombwa kupakia gunia linalotikisika aweza kukataa na kutoa habari. Wakala wa forodha aweza kusema alichokiona. Mama muuza mboga sokoni aweza kutoa majani yaliyobaki jioni, na fundi seremala aweza kutoa Jumamosi moja katika mwezi. Haya yote ni madogo, nayo yatatosha kwa sharti moja: kila mmoja aandike jina lake, siku yake na saa yake, na siku hiyo ikifika aonekane. Asiyeweza kufika na aseme mapema, ili mwingine aandikwe mahali pake. Daftari hilo lingeweza kununuliwa Tunduma kesho asubuhi, kabla ya uzio na kabla ya banda; na majina yatakayojaa ndani yake ndiyo yatakayoionyesha serikali kama kituo hicho kina watu au kina wapita njia tu.